Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuanza Kunywa Maji ya Kisima Yenye Bakteria Wasiohitaji Oksijeni

Kabla ya kununua dawa yoyote ya kutibu maji ya kisima, ni vyema kuelewa kwanza jinsi bakteria wasiohitaji oksijeni wanavyoishi chini ya ardhi, kwa sababu hatua nyingine zote hutegemea jambo hilo. Maji ya mvua huingia ardhini yakiwa na oksijeni, lakini bakteria wa udongo wa juu huitumia wanapoozesha mabaki ya mimea, hata maji yakifika chini zaidi mara nyingi huwa hayana oksijeni tena. Hapo vijidudu vingine hutumia naitreti (chumvi yenye nitrojeni) badala yake. Naitreti ikiisha, hugeukia manganizi na kutu ya asili iliyoganda kwenye chembe za mchanga, kisha salfeti (chumvi yenye salfa na oksijeni), na mwisho kaboni dayoksaidi, ambayo hugeuzwa kuwa gesi ya methani. Kila hatua hutoa nishati kidogo kuliko iliyotangulia, na ndiyo maana vijidudu hivi hukua polepole. Wengi wao hawaambukizi mtu ugonjwa wowote. Kinachopaswa kutushughulisha ni yale wanayoyaacha ndani ya maji, pamoja na vimelea vingine vinavyoweza kuwa vimeingia humo kutoka vyooni.

Anza kwa kuyachunguza maji yenyewe. Jaza chupa safi ya kioo, kisha iache mezani bila kuitikisa. Maji yakitoka angavu halafu yakaanza kuwa ya manjano, na baadaye yakaacha mashapo ya hudhurungi chini ya chupa, ujue yalikuwa na chuma kilichoyeyuka, nacho kimekutana na oksijeni ya hewani. Harufu ya mayai viza huonyesha gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo mara nyingi hutengenezwa na bakteria wanaotumia salfeti, kama wale wa jenasi ya Desulfovibrio. Ikiwa harufu hiyo hutoka kwenye maji ya moto peke yake, chunguza tangi la kupashia maji kabla ya kukilaumu kisima, kwa kuwa fimbo ya magnesi inayowekwa ndani yake kuzuia kutu huweza kuchochea utengenezaji wa gesi hiyo.

Kipimo cha aseniki, ambayo ni sumu, kisiachwe, hasa pale ambapo chuma kimeonekana. Bakteria wanapoyeyusha kutu ya asili, aseniki iliyokuwa imeshikamana nayo huachiliwa ndani ya maji. Hivi ndivyo visima vingi vya Bangladesh vilivyopata maji yenye sumu ingawa yalionekana safi kabisa. Kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita. Kuchemsha hakuondoi aseniki. Maji yanavyopungua kwa mvuke, ndivyo inavyozidi kukolea katika yale yanayobaki.

Kwa upande wa vimelea, kipimo cha msingi ni E. koli, bakteria wa kinyesi ambaye huishi penye oksijeni na pasipo na oksijeni, na hapaswi kupatikana hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa. Maabara huweza pia kutafuta Clostridium perfringens, bakteria mwingine wa kinyesi, kwa kuwa spora zake (chembe zake ngumu za kujihifadhi) hustahimili klorini na hudumu muda mrefu, hivyo huweza kufichua uchafuzi wa zamani. Lakini wanaotumia karatasi za haidrojeni salfaidi, ambazo huwa nyeusi kuashiria kinyesi ndani ya maji, zilizobuniwa India na kuelezwa mwaka 1982, wawe waangalifu: karatasi huwa nyeusi pia kwa sababu ya salfaidi iliyokuwamo ardhini, hata kama hakuna kinyesi kilichoingia.

Sampuli ya kupima salfaidi ijazwe hadi kwenye mdomo wa chupa, pasibaki nafasi ya hewa, na hiyo ifanyike baada ya pampu kutoa maji yote yaliyokuwa yametuama bombani. Sampuli ya bakteria ihifadhiwe kwenye ubaridi na ifikishwe maabara ndani ya saa 24.

Mtu yeyote asiingie kisimani kukisafisha bila vifaa vya kupima hewa na watu wa kumwokoa. Haidrojeni salfaidi ni nzito kuliko hewa, hivyo hukusanyika chini, na ikizidi sana huua uwezo wa pua kuinusa, kwa hiyo kutosikia harufu si ushahidi wa usalama. Methani nayo huweza kulipuka.

Kuhusu klorini, fahamu kwamba chuma na salfaidi huimaliza kabla haijawafikia vijidudu. Ni busara kuyapitisha maji hewani na kuyachuja kwanza, kisha kuweka klorini ya kutosha ili baada ya dakika 30 ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita. Hata hivyo, kwenye kuta za mabomba vijidudu hujenga utando ambao tabaka lake la nje humaliza oksijeni, na chini yake bakteria wasioihitaji huishi salama ingawa maji yanayopita yana oksijeni tele. Utando huo husuguliwa pale brashi inapofika. Kwingine klorini kali huachwa ikae usiku kucha, kisha humwagwa yote. Sampuli ya kuthibitisha ichukuliwe klorini ikishaisha kabisa, na nyingine baada ya wiki kadhaa, kwa sababu utando uliosalia huanza tena kukua taratibu.