Nyoosha bati la gari la zamani kabla ya kufikiria puti

Kabla ya kushika nyundo, chukua sumaku uipitishe kwenye madigadi, milango na boneti. Inapong'ang'ania, chuma kipo karibu. Inapolegea, kuna puti nene, ule unga mzito wa kujazia mabonde, ya fundi aliyepita, au risasi, ile metali laini na nzito, maana zamani viwanda vingi vilijaza maungio ya bodi kwa risasi. Isiponata kabisa, huenda ni alumini, kama sehemu nyingi za bodi za Land Rover za mwanzo, au faibaglasi, kama Chevrolet Corvette tangu 1953. Hapa naeleza chuma. Risasi usiitie grainda wala msasa mkavu: vumbi lake ni sumu, na rangi za zamani nazo mara nyingi zina risasi. Ikwangue kwa tupa, na uvae kinyago chenye chujio.

Mimi hushikilia bati la asili hadi mwisho. La kununua mara nyingi mistari yake haikutani na ya mlango, ukabaki kulilazimisha.

Sasa usome mbonyeo. Gari lilipogongwa, katikati paliingia kwanza, kingo zikainuka baadaye. Wewe anza na kilichotokea mwisho. Wengi hukimbilia bonde na kulitwanga kutoka ndani, na bati linaumia kuliko lilivyoumia kwenye ajali. Kingo ndizo zilizokakamaa, na ndizo zinazolizuia bonde lisirudi. Shika doli, kile kipande cha chuma kizito, nyuma ya sehemu iliyozama. Isukume kwa nguvu, huku ukigonga ukingo kwa nyundo ya bodi, pembeni mwa doli, si juu yake. Mapigo yawe mepesi na mengi. Ukingo utashuka na bonde litapanda.

Kugonga moja kwa moja juu ya doli hulibana bati likatanuka. Kuache hadi mwisho, kwa vinundu vidogo tu. Ukizidisha, bati litakuwa likibonyea na kurudi kwa mlio, kama kifuniko cha kopo. Likishafika huko, dawa ni moto: pasha doa dogo la ukubwa wa ukucha hadi liwe jekundu, gonga upesi kulizunguka, kisha katikati ukiwa na doli nyuma, halafu lipoze kwa kitambaa chenye maji. Lipoe ndipo uende doa jingine. Tangi la mafuta, mazulia na chochote kinachoshika moto kiwe kimeshatolewa.

Macho hudanganywa na rangi na mwanga. Vaa glavu nyembamba ya pamba, pitisha kiganja kizima polepole. Utahisi kile usichokiona. Kisha pitisha tupa ya bodi kwa mshazari, bila kukandamiza: palipong'aa ni mlima, palipobaki peusi ni bonde. Rudi na nyundo.

Kutu ni habari nyingine. Kwenye milango na vizingiti huanzia ndani, hivyo tundu dogo unaloliona nje lina jirani zake. Kata hadi ukute chuma kinachong'aa chenye unene wake kamili. Kiraka kiwe na unene uleule, mara nyingi kati ya mm 0.8 na 1, pembe zake zikiwa za mviringo. Kwa mashine ya kuchomelea kwa waya (MIG), tumia waya wa mm 0.6: choma nukta moja, ruka upande wa pili, subiri. Kama mkono hauvumilii joto, usichome. Mstari mmoja mrefu wa kuchomelea utalipinda bati lote na kazi yako ya nyundo itapotea.

Puti ije sasa, isizidi mm 3. Usiisugue kwa maji, kwani huyanyonya na kuyahifadhi juu ya chuma. Msasa mkavu, kisha praima, rangi ya msingi, upesi. Baada ya rangi, zibua matundu ya kutolea maji chini ya milango, na unyunyize nta ya kuzuia kutu ndani, hasa nyuma ya kiraka, ambako moto uliunguza kinga yote.