Jinsi ya kuongea na mshauri mtandaoni wakati nyumba nzima ipo ndani

Nianze na jambo ambalo wengi hawakwambii, ugumu wa tiba ya afya ya akili mtandaoni kipindi cha janga kama la korona sio apu wala intaneti, ni mlango. Shule zimefungwa, kazi zinafanyiwa sebuleni, na wewe unataka kumwambia mtu baki kwamba usiku hulali na roho inakwenda mbio, huku huyo unayetaka kumsema yupo nyuma ya ukuta anaosha vyombo. Kwahiyo kabla hujadaunlodi chochote tafuta kwanza utakapokaa.

Gari lililopaki ni pazuri sana kama lipo. Bafuni nako poa ila kuna mwangwi, tundika mataulo. Redio iweke NJE ya mlango iwe inaongea, sio humo ndani na wewe, watu wanakosea sana hapo. Vaa hedifoni ili ya mshauri yasisikike, alafu hakikisha zimeunganika kweli. Mimi kikao changu cha kwanza 2020 nimejifungia chumbani najiona mjanja, kumbe simu imeshajiunga kwa Bluetooth na spika ya sebuleni, mshauri anauliza "enhe, wiki hii umelalaje?" nasikia sebuleni wanamjibu wao. Zima Bluetooth.

Kama hata kona huna omba vikao vya meseji, wapo wanaotoa. Na kama unaishi na mtu anayekutisha au kukupiga, mpange na mshauri maneno ya siri toka siku ya kwanza, mfano ukisema "ile ripoti ntaituma kesho" ajue kuna mtu kaingia, mbadilishe mada au akate.

Sasa kumpata mwenyewe. Usidhani unaenda kwenye huduma ya pembeni, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipouliza nchi 130 mwaka 2020 wakati wa korona, asilimia 93 zilikuwa na huduma za afya ya akili zilizovurugika au kusimama, na zaidi ya asilimia 70 zilikuwa zimeingiza tiba ya simu au video. Wataalamu wa kweli walihamia huko, ila na matapeli nao wapo huko huko. Taka jina kamili na namba ya usajili, nenda kaikague kwenye baraza linalosajili wataalamu wa nchi yake, akianza kona kona achana nae. Uliza pia kama anaruhusiwa kuhudumia mtu aliye hapo ulipo maana leseni nyingi zina mipaka.

Ukurasa wa faragha najua hamsomi, mimi pia nilikua sisomi. Ila 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliibana BetterHelp, kampuni ya ushauri wa mtandaoni, ilipe dola milioni 7.8 kwa sababu taarifa za wateja zilipelekwa kwa makampuni kama Facebook na Snapchat kwa ajili ya matangazo. Kwahiyo soma angalau sehemu moja tu, nani anapewa taarifa zako. Jiunge kwa barua pepe mpya, usiingilie kupitia akaunti ya mtandao wa kijamii.

Mara nyingi utapewa dodoso kabla ya kuanza, maarufu ni PHQ-9 ya kupima dalili za sonona, maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja unajipa 0 mpaka 3, jumla haizidi 27. Kuanzia 10 kwa kawaida mtaalamu atataka kukuangalia kwa kina. Sio mtihani, usijipunguzie alama ili uonekane uko fiti. Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru, hapo ukiona jibu lako sio sifuri mwambie mtu leo leo, na kama unahisi unaweza kufanya kweli usisubiri apu ikupangie kikao cha alhamisi, piga namba ya dharura ya ulipo au nenda hospitali, janga au sio janga hospitali inapokea.

Siku ya kikao mshauri mzuri atakuuliza uko wapi muda huo na namba ya mtu wako wa karibu. Sio umbea, ukizidiwa ajue msaada autume wapi. Kubalianeni mtandao ukikatika nani anampigia nani, vinginevyo mtabaki mnapigiana wote na simu zinasema inatumika hadi dakika zinaisha. Ficha sura yako kwenye skrini yako mwenyewe, kujitazama ukilia kunachosha kuliko kulia kwenyewe.

Ukimaliza usitoke mbio kwenda kujibu meseji za kazi, kaa dakika kumi hapo hapo. Vikao vitatu vinne vikipita na bado unajikuta unamfichia vitu, omba mwingine, wamezoea hawanuni. Alafu ondoa notifikesheni za hiyo apu kwenye skrini iliyofungwa, simu yako inachajiwa mezani kila mtu akipita anasoma.