Tangi la choo lisilokata maji: jinsi ya kulitengeneza mwenyewe

Choo cha kuflashi kikiendelea kuchirizika ndani ya sinki muda mrefu baada ya kutumika, au kikijijaza chenyewe usiku bila mtu kukigusa, kuna mahali maji yanatoka kwenye tangi. Wengi hukimbilia dukani, wakanunua valvu mpya ya kuingizia maji kwa sababu ndiyo inayopiga kelele, wakaifunga, na kesho yake choo kinalia vilevile. Tangi lina njia kuu mbili za kupoteza maji, na zote huishia ndani ya sinki, ndiyo maana ukiangalia kwa nje huwezi kuzitofautisha. Ama valvu ya kuingizia haikati, maji yanapanda hadi yanamwagikia kwenye bomba la ziada lililosimama katikati ya tangi. Ama mpira wa valvu ya kuflashi, ule wa chini kabisa, haukalii vizuri, maji yanapenya chini yake, na valvu ya kuingizia inafunguka kila mara kufidia yaliyopotea. Katika hali hii ya pili valvu inayopiga kelele ni nzima kabisa. Usinunue kitu chochote kabla hujajua una tatizo lipi.

Wala usilidharau kwa kuwa mchirizi ni mwembamba. Kwa ndani tangi la kawaida lina urefu wa kama sentimita 35 na upana wa 15, kwa hiyo kila sentimita moja inayoshuka ni karibu nusu lita. Yakishuka sentimita moja kila dakika 10, hizo ni lita 3 kwa saa, zaidi ya lita 70 kwa siku, na kwa mwezi uniti 2 na ushee kwenye mita. Nyumba inayovizia mgao kwa simtanki la lita 1,000 inalimaliza lote ndani ya wiki mbili kwa mchirizi huo peke yake.

Kupima kabla ya kununua

Fungua kifuniko. Kama ni cha kitufe juu, kwanza shika pete inayozunguka kitufe uizungushe kinyume cha saa mpaka itoke, ndipo unyanyue kifuniko taratibu. Kuna vingine ambavyo kitufe kimeungana na vijiti vinavyoshuka kwenye valvu, ukivuta kwa nguvu unavunja. Kifuniko kilaze chini juu ya taulo, maana ni kauri.

Sasa sikiliza. Ikiwa mchirizi umekoma mara tu ulipoondoa kifuniko, umeshapata jibu: vijiti vya kitufe ni virefu mno, vinaibonyeza valvu muda wote na kuizuia isikae. Hili hutokea sana kwenye vyoo vya vitufe viwili vilivyofungwa upya. Vipunguze kwa kuvizungusha kwenye nyuzi zake, au vikate kidogo kama vimetengenezwa vya kukatwa, mpaka kubaki nafasi ya milimita 2 au 3 kati ya kijiti na kitufe kikiwa hakijabonyezwa. Huhitaji kununua kitu.

Kama mchirizi unaendelea, tazama maji yamefika wapi. Yakiwa yamelingana na mdomo wa bomba la ziada na yanaingia humo, valvu ya kuingizia ndiyo yenye kasoro. Usawa unaotakiwa ni kama sentimita 2 na nusu chini ya mdomo wa bomba hilo, na matangi mengi yana mstari uliochongwa ukutani kwa ndani kuonyesha hapo.

Maji yakiwa chini ya mdomo na bado yanapungua, funga koki ndogo iliyo ukutani inayolisha tangi, piga mstari wa penseli kwenye usawa wa maji, tia matone kama 10 ya rangi ya chakula au bluu ya kufulia iliyoyeyushwa, kisha acha nusu saa bila mtu kuflashi. Rangi ikitokea kwenye sinki na maji yameshuka chini ya mstari, mpira wa chini unavuja. Maji yakishuka kiasi halafu yakasimama palepale hata baada ya saa kadhaa, chunguza bomba la ziada kwenye usawa huo huo: lina ufa. Maji yasiposhuka kabisa, rudi kwenye valvu ya kuingizia.

Koki ya ukutani ikiwa imeganda kwa kutu, usiilazimishe kwa spana; ikikatika utakuwa na bomba wazi linalorusha maji chooni. Funga getivalvu kuu ya nyumba au ya simtanki. Ikishindikana hiyo nayo, laza kipande cha mti juu ya mdomo wa tangi na funga boya kwa kamba likiwa limeinuka hadi juu. Valvu ya kuingizia ikiwa nzima, hapo maji hayaingii na unaweza kufanya kazi kwenye mpira wa chini.

Mpira wa chini

Funga maji, flashi, kausha yaliyobaki kwa sponji. Valvu nyingi za kitufe zinazouzwa siku hizi zimekaa kwa mtindo wa kufuli: shika mwili wa valvu kwa mikono miwili, zungusha robo mzunguko kinyume cha saa, unyanyue. Kiti chake kinabaki chini. Kama haizunguki, tafuta vilimi viwili vya plastiki pembeni karibu na kitako, vibonye kwa ndani.

Pindua valvu. Chini kuna mpira bapa wa duara, mwekundu, mweupe au mweusi, umevikwa kwenye mfereji. Uvue kwa kucha, si kwa bisibisi, kisha uoshe na uupitishe kati ya vidole kuuzunguka wote. Utaona moja kati ya mambo matatu: umepata mkunjo wa kudumu pale unapokalia kiti, umevimba na kuacha weusi mikononi, au ni mzima ila una punje za mchanga zilizojizika. Ukiwa na mchanga tu, usafishe urudishe. Ukiwa na mkunjo, mara nyingi unaweza kuugeuza upande wa pili ukafanya kazi vizuri huku ukitafuta mpya. Uliovimba tupa.

Kabla ya kuurudisha, pitisha kidole kwenye kiti kilichobaki ndani ya tangi. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Maji ya kisima yenye chumvi, kama ya visima vingi vya Dar es Salaam au ya Dodoma, huacha ukoko mgumu mweupe, na mpira mpya juu ya ukoko huo utavuja siku ileile. Loweka kitambaa kwenye siki nyeupe, kilaze juu ya kiti saa moja, kisha sugua kwa mswaki wa zamani. Usitumie msasa wala steeluli kwenye kiti cha plastiki, kwa sababu mikwaruzo inageuka mifereji ya maji. Wala usipake mafuta ya mgando au grisi ya gari kwenye mpira ukidhani unausaidia kukalia. Mafuta ya petroli huvimbisha aina nyingi za mpira.

Dukani nenda na mpira wa zamani mkononi. Tofauti ya milimita 2 tu ya kipenyo inatosha kuufanya usikae, na muuzaji hawezi kukisia kwa maelezo. Ukikosa mpira peke yake, nunua valvu kamili ya aina ileile, uchukue sehemu ya juu tu na kiti cha zamani ukiache mahali pake. Hivyo unakwepa kulishusha tangi zima.

Valvu ya kuingizia maji

Anza na marekebisho. Boya la kisasa linalopanda na kushuka kwenye mhimili lina skrubu ndefu ya plastiki au klipu pembeni. Lishushe boya ili valvu ifunge mapema. Kama boya ni la mpira wa duara kwenye mkono, livue ulitikise. Likisikika maji ndani limetoboka, halielei tena, badilisha boya peke yake.

Valvu isipokata hata unapoliinua boya kwa mkono, imeziba au imechakaa. Maji yanaporudi baada ya mgao wa siku kadhaa husukuma kutu na mchanga uliotulia kwenye mabomba, na punje moja ikikwama kwenye mpira mwembamba wa ndani ya kichwa cha valvu, haifungi tena. Funga maji, zungusha kofia ya kichwa kidogo kinyume cha saa uitoe, toa mpira, uoshe. Kisha funika shimo kwa kikombe kilichopinduliwa, ukishike kwa nguvu, mwambie mtu afungue koki kwa sekunde 10. Uchafu uliobaki kwenye shingo utatoka wote. Rudisha mpira kwa upande uleule uliokuwa.

Ikibidi kubadilisha valvu nzima, nyuzi za chini kwa huku kwetu karibu zote ni nusu inchi. Angalia jambo moja tu: inaingilia chini ya tangi au ubavuni? Hizi hazibadilishani. Fungua nati ya paipu ya fleksi kwa spana malaya, weka ndoo chini, kisha fungua nati kubwa ya plastiki huku mkono mwingine ukishika valvu ndani ya tangi isizunguke. Valvu mpya huingia na washa yake ya mpira ikiwa upande wa ndani wa tangi, si wa nje. Nati ikaze kwa mkono mpaka igome, ongeza robo mzunguko, basi. Ukikaza zaidi unapasua kauri, na ufa wa tangi hauna dawa. Paipu ya fleksi ina washa yake, haihitaji tepu ya nyuzi. Tepu ni ya nyuzi za chuma kwenye koki ya ukutani. Kale kampira kembamba kanakopeleka maji kwenye bomba la ziada kafungwe kwa klipu juu ya mdomo wake. Kakiingizwa ndani hadi chini ya usawa wa maji kanaweza kunyonya maji ya tangi.

Presha ya simtanki

Hili maelekezo ya kwenye boksi hayalitaji vya kutosha, nalo ndilo linalowasumbua watu wenye matangi ya juu. Kila mita moja ya kimo kutoka usawa wa maji ya simtanki hadi kwenye valvu huzaa presha ya takriban 0.1 bar. Simtanki lililo mita 2 juu ya choo linatoa 0.2 bar tu. Baadhi ya valvu hutegemea presha yenyewe ya maji kuusukuma mpira ufunge, na nyingine zinataka angalau 0.5 bar. Ukiifunga valvu ya namna hiyo chini ya simtanki fupi, itajaza kwa uvivu na haitakata sawasawa, ingawa ni mpya na haina kasoro. Soma kiwango cha chini cha presha kwenye pakiti. Pia chungulia mkiani mwa valvu: nyingi huja na kizibo kidogo chenye tundu jembamba kwa ajili ya maji ya presha kubwa. Kama unatumia simtanki, kitoe, ila kichujio kibakize.

Vyoo vya zamani

Nyumba za zamani bado zina matangi ya mkono wa chuma au mnyororo ambayo ndani yana kengele ya kunyonya maji badala ya valvu ya chini. Kengele hiyo haina tundu chini ya usawa wa maji, kwa hiyo haiwezi kuvuja polepole. Tangi la aina hii likichirizika, mkosaji ni koki ya boya. Nayo ikiwa ni ya shaba, funga maji, ng'oa pini ndogo yenye miguu miwili inayoshikilia mkono, toa pistoni, isugue kwa msasa mwembamba mpaka itelezeke, ubadilishe washa iliyo kwenye ncha yake. Pinda mkono wa boya kidogo kuelekea chini kama maji bado yanapanda mno. Na ikiwa tangi lenyewe halichirizi bali unalazimika kuvuta mkono mara tatu nne ndipo liflashi, kilichochanika ni karatasi ya plastiki iliyo ndani ya kengele. Kata nyingine ya umbo lilelile kutoka kwenye nailoni nene.