Kupima vizuizi vya asetilikolinesterasi kwa mbinu ya Ellman bila kudanganywa na rangi

1. Kubuni. Pakua muundo 4EY7 kutoka PDB, hifadhi ya mtandaoni ya miundo ya protini: ni asetilikolinesterasi ya binadamu, kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kilichoshikwa na donepezil, dawa inayokizuia. Itoe donepezil, kisha irudishe kwa AutoDock Vina, programu inayokisia molekuli itakavyokaa ndani ya protini. Ikikaa zaidi ya angstromu 2 kutoka ilipokuwa, rekebisha mipangilio kwanza. Chagua molekuli zinazogusa asidi amino Trp86 ndani kabisa ya shimo la kimeng'enya na Trp286 mdomoni mwake. Alama za Vina ni za kuchujia tu. Usizitumie kusema ipi ni kali kuliko nyingine.

2. Kuchanganya. Kila kisima cha sahani kipate bafa ya fosfeti 0.1 M (pH 8.0) mikrolita 150, kimeng'enya mikrolita 20, kizuizi (molekuli unayoipima) mikrolita 10 na DTNB ya 6 mM, kemikali ya kutoa rangi, mikrolita 10. Kizuizi kiwe ndani ya kiyeyushi cha DMSO 5%, ili mwishoni ibaki 0.25%. DMSO yenyewe huzuia kimeng'enya hiki, kwa hiyo visima vya kulinganishia navyo viwekewe kiasi kilekile.

3. Kusoma. Acha dakika 15, ongeza asetilitiokolini ya 10 mM mikrolita 10, soma ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 412 kwa dakika 5. Kimeng'enya huivunja asetilitiokolini, na kipande chake chenye tioli (kundi la salfa na hidrojeni) huigeuza DTNB kuwa TNB ya njano.

4. Kukagua. Usiruke hapa. Unachokiona ni unjano wa TNB, si kimeng'enya. Unjano ukipungua, huenda molekuli yako imeila TNB, na kimeng'enya hakijaguswa hata kidogo. Andaa visima visivyo na kimeng'enya: DTNB pamoja na sisteini, yenye tioli ya kutoa TNB, ya kiwango cha mwisho 30 µM. Rangi ikitulia, tia molekuli yako. Ikififia, matokeo yote ya molekuli hiyo yawekwe kando. Ikizidi, ina tioli zake au ni ya njano yenyewe. Soma kisima chake bila DTNB ujue ni lipi. Kisha rudia kipimo kamili ukiongeza sabuni ya Triton X-100 0.01%: uzuiaji ukiyeyuka, molekuli zilikuwa zimegandana mafungu na kukinasa kimeng'enya. Usisahau kisima kisicho na kimeng'enya wala kizuizi, maana asetilitiokolini hujivunja yenyewe kwenye pH 8. Toa mwinuko wa kisima hicho (kasi ya rangi yake kupanda) kwenye kila hesabu.

5. IC50, yaani kiwango cha kizuizi kinachopunguza kazi ya kimeng'enya kwa nusu. Viwango 8 vya kizuizi, nakala tatu, donepezil kwenye kila sahani. Molekuli za aina ya kabameti, kama dawa ya rivastigmine, hushika polepole, hivyo IC50 yake haina maana bila muda: pima baada ya dakika 5, 15, 30 na 60.

6. Rudia yote kwa butirilikolinesterasi, kimeng'enya ndugu, ukitumia butirilitiokolini.