Vumbi la bandani: kinga kifua cha anayelisha ng'ombe

Huku kwetu Pongwe, Tanga, wengi tunafuga ndani. Ng'ombe haendi malishoni, chakula ndicho kinachomfuata horini. Kwa hiyo majani makavu, pumba na mashudu vyote vinapita mikononi mwa kijana wa banda, na vumbi lake linamwingia yeye kifuani. Hilo linaniuma, kwa sababu linazuilika.

Vumbi baya kuliko yote ni la majani yaliyovunda. Robota likifungwa kabla majani hayajakauka sawasawa, linapata joto ndani, kuvu na bakteria wanazaliana. Ukikata kamba tu, unafuka unga wa kijivu, mwepesi kama jivu, na katikati majani yameshikana mabongemabonge. Chembe zake ni ndogo mno, zinashuka mpaka chini kabisa ya mapafu.

Basi anza na kukausha. Unyevu ukizidi asilimia 20 hivi, majani yatavunda tu. Kunja shina: likipinda bila kukatika, rudisha juani. Panga marobota juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta, na uzibe bati linalovuja kabla ya masika. Lililokwisha kuvunda usimpe ng'ombe. Limwagie maji kwanza, kisha lipeleke kwenye shimo la mbolea.

Marobota fungulia nje, ukisimama mahali ambapo upepo unalipeleka vumbi mbali na uso wako. Pumba usizimwage kutoka juu; shusha mdomo wa gunia mpaka ndani ya hori, mimina taratibu, nyunyizia maji au molasi iliyozimuliwa, ndipo uchanganye. Sakafu nayo iloweshe kabla ya kufagia.

Leso au barakoa ya kitambaa haizuii vumbi hili. Tafuta ya N95 au FFP2, yaani barakoa inayochuja chembe ndogo, ibane vizuri puani. Mwenye ndevu ajue hewa inapenya pembeni. Na haizuii ule mvuke wa mkojo unaochoma macho. Dawa yake ni kuzoa kinyesi kila siku na kuacha banda lipitishe hewa.

Sasa hili lishike sana. Mtu akifungua majani yaliyovunda asubuhi, baada ya muda wa saa 4 hadi 8 anaweza kupata homa, baridi, kikohozi kikavu na kubanwa kifua. Nyumbani watasema malaria. Apimwe malaria, ndiyo, lakini amweleze daktari kazi aliyofanya siku hiyo, maana asipoulizwa hatasema. Hali ikijirudia mara kwa mara, mapafu yanaweka makovu yasiyofutika.

Aliyekwisha kupatwa mwondoe kabisa kwenye majani makavu, usimwambie avae barakoa aendelee. Mpe kukamua au kupeleka maziwa kituoni, na mshahara wake ubaki uleule.