Kurekodi muziki nyumbani: namna ya kuchagua intafesi ya sauti na kompyuta, hatua kwa hatua

Wengi wanaonijia kutaka ushauri huanza na swali lile lile: "Kaka, ninunue kompyuta gani?" Huwa nawarudisha nyuma kidogo. Kompyuta ni swali la pili. La kwanza ni kile kisanduku kinachokaa kati ya maiki na kompyuta, yaani intafesi ya sauti, na hasa draiva yake, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuzungumza nayo. Kompyuta ya wastani yenye intafesi ya draiva nzuri inarekodi albamu nzima bila kukusumbua. Kompyuta ya bei kubwa iliyochomekwa intafesi ya draiva mbovu itakata sauti katikati ya ubeti mzuri kuliko yote. Ndiyo maana hapa kompyuta inakuja hatua ya nne.

Hatua ya 1: Hesabu vinavyorekodiwa kwa wakati mmoja

Wimbo mzima unaweza kuwa na treki 40, yaani sauti 40 zilizorekodiwa kila moja peke yake, lakini hizo haziingii zote kwa pamoja. Jiulize: siku yenye shughuli nyingi kuliko zote, ni maiki na vyombo vingapi vitakuwa vinaingia kwa mkupuo? Anayeimba huku akipiga gitaa anahitaji matundu mawili. Watu wawili watatu wanaocheza pamoja, manne. Seti ya ngoma inaanzia manane. Usinunue manane "kwa ajili ya baadaye" ikiwa leo unarekodi sauti yako peke yako. Fedha hiyo ipeleke kwenye maiki na kwenye blanketi nzito za kutuliza mwangwi wa chumba.

Maiki za USB siziungi mkono kwa kazi ya muziki. Zinafaa kwa mazungumzo, ila siku ukitaka kuongeza maiki ya pili utaanza upya.

Hatua ya 2: Oanisha intafesi na maiki yako

Maiki ya kondensa inataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye intafesi. Karibu intafesi zote za leo zina kitufe chake, kimeandikwa 48V. Maiki ya dainamiki haihitaji umeme huo, lakini inataka nguvu zaidi ya kukuza sauti, yaani geini, na hapa ndipo watu wanaponaswa. Shure SM7B, ambayo kila mtu anaitamani, inahitaji geini ya dB 60 hivi kwa mtu anayeongea au kuimba kwa utulivu. Ukiichomeka kwenye intafesi inayofikia dB 50 tu, utakuwa umezungusha kitufe hadi mwisho na bado sauti ni ndogo; ukiikuza ndani ya programu, unakuza na mvumo wake. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, fungua karatasi ya vipimo ya intafesi utafute namba mbili: kiwango cha juu cha geini, na EIN, kipimo cha mvumo wa priampu, ile sehemu inayokuza sauti ya maiki. EIN ya -128 dBu ni nzuri sana. Ukiona mtengenezaji ameandika sifa nyingi za kupendeza lakini EIN hakuitaja popote, mimi naendelea mbele kutafuta nyingine.

Gitaa la umeme au besi inataka tundu lililoandikwa Inst au Hi-Z, lenye ukinzani wa megaomu 1 hivi. Ukilichomeka kwenye tundu la kawaida lililoandikwa Line, gitaa linapoteza ule mng'ao wa juu na linasikika kama limefunikwa.

Hatua ya 3: Chunguza draiva kabla ya kutazama rangi ya kisanduku

Kompyuta haisafirishi sauti moja kwa moja, inaikusanya kwanza kwenye bafa. Chukulia mtu anayeteka maji kisimani: mwenye ndoo kubwa hufanya safari chache, lakini nyumbani wanasubiri, mwenye kikombe anawahi, lakini hapumziki, na akijikwaa mara moja tu maji yanakosekana. Kwenye kasi ya kHz 48 sauti hupimwa mara 48,000 kwa sekunde, na kila kipimo ni sampuli moja, kwa hiyo bafa ya sampuli 128 ni milisekunde 2.7. Bafa ya 1024 ni milisekunde 21. Sauti yako inapita kwenye bafa ikiingia, na inapita tena ikitoka kwenda kwenye hedifoni, kisha draiva inaongeza akiba yake ya usalama na vigeuzi, vinavyobadilisha sauti kuwa namba na namba kuwa sauti, navyo vinaongeza kidogo. Jumla hiyo, kuanzia mdomoni hadi sikioni, ndiyo latensi.

Ikiwa chini ya milisekunde 10, waimbaji wengi hawasumbuki. Sauti hewani husafiri sentimeta 34 hivi kwa milisekunde moja, kwa hiyo milisekunde 10 ni sawa na kusimama mita 3.4 kutoka kwenye spika. Ikizidi 15, mwimbaji anaanza kuchelewa mapigo bila kujua kwa nini, na unaweza kumlaumu bure.

Intafesi mbili zenye bafa ile ile ya 128 zinaweza kutofautiana kwa milisekunde kadhaa kwa sababu ya draiva tu. Ndiyo maana nasisitiza hivi:

Kwenye Windows, hakikisha mtengenezaji ana draiva yake mwenyewe ya ASIO. ASIO ni mfumo uliobuniwa na kampuni ya Steinberg ili programu ya muziki izungumze na kifaa bila kupitia tabaka za sauti za Windows. Ukurasa wa kupakua draiva ukikuelekeza kwenye ASIO4ALL, ina maana hakuna draiva halisi iliyoandikwa kwa kifaa hicho. ASIO4ALL inasaidia ukikwama, lakini usinunue intafesi mpya kwa kuitegemea.

Kwenye Mac mambo ni mepesi, kwa sababu Core Audio imo ndani ya mfumo wenyewe. Kwenye Linux, chagua intafesi inayojitambulisha kwa USB bila draiva ya ziada. Nyingi za siku hizi ziko hivyo.

Angalia pia tarehe ya draiva ya mwisho kutolewa. Kwa upande huu nawaheshimu sana RME: intafesi zao zilizotoka zaidi ya miaka kumi iliyopita bado zinapata draiva mpya. Bei yao si ya mchezo. Kwa anayeanza na matundu mawili, mimi hupendekeza MOTU M2, kwa latensi yake ndogo na kile kioo cha mbele kinachoonyesha kiwango cha sauti waziwazi, au Focusrite Scarlett 2i2 ya kizazi cha nne, ambayo geini yake inafika dB 69 na hivyo inaibeba SM7B bila kifaa cha kati. Za FireWire ziache hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Kompyuta mpya hazina tundu lake.

Usiongozwe na maandishi ya USB-C au kHz 192. USB-C ni umbo la tundu tu, si kasi. Treki moja ya biti 24 kwa kHz 48 inatumia megabiti 1.15 kwa sekunde, na USB 2.0 ina 480, kwa hiyo nafasi ipo tele.

Hatua ya 4: Sasa kompyuta

Pengine unayo tayari. Ipime kwanza kwa hatua ya 5 kabla ya kutoa fedha.

Ukinunua: prosesa yenye kasi nzuri kwa kiini kimoja kimoja, maana treki moja pamoja na plagini zake (programu ndogo za kuipamba sauti) hufanyiwa kazi na kiini kimoja, na viini vingi dhaifu havisaidii hapo. RAM GB 16. Nenda GB 32 kama unatumia vinanda na okestra za sampuli, yaani vyombo vya ndani ya kompyuta vilivyotengenezwa kwa sauti zilizorekodiwa. Diski iwe SSD, si ya kuzunguka. Treki 8 za biti 24 kwa kHz 48 zinakula GB 4 hivi kwa saa moja, kwa hiyo GB 512 ni mwanzo mzuri. Mac zote zenye prosesa za Apple, kuanzia M1 ya mwaka 2020, zinatosha, na MacBook Air haina feni kabisa, jambo zuri sana kama maiki inakaa chumba kimoja na kompyuta. Kumbuka tu kwamba RAM yake haiongezwi baadaye.

Kadi kubwa ya michezo ya video haikusaidii chochote kwenye kurekodi, na draiva yake mara nyingine ndiyo chanzo cha tatizo linalofuata.

Hatua ya 5: Pima kama kompyuta inaweza kutunza muda

Hapa ndipo saa nyingi hupotea, na miongozo mingi hupita bila hata kupataja.

Mwimbaji mmoja niliyemsaidia alikuwa na laptopu mpya, RAM GB 32, prosesa ya nguvu. Kila akirekodi, baada ya muda mfupi sauti inapasuka, pap, kisha inaendelea. "Kaka, mashine ina kasi yote hii, mbona inapasuka?" Alikuwa ameshabadilisha waya, ameshapandisha bafa hadi 512, ameshaondoa plagini zote. Kipimo cha prosesa ndani ya Reaper, programu ya kurekodia, kilikuwa hakifiki hata asilimia 10.

Hicho kipimo ndicho kinachopoteza watu. Kasi na utunzaji wa muda ni vitu viwili. Ndani ya Windows, draiva zote hupokezana prosesa: ya mtandao, ya picha, ya betri, ya sauti. Draiva moja ikiing'ang'ania prosesa kwa milisekunde 3 wakati bafa yako ni ya milisekunde 2.7, sauti inakosa zamu yake, na unasikia pap, hata kama prosesa imekaa bure muda wote uliobaki.

Chombo cha kupimia ni LatencyMon, programu ya Windows. Fanya hivi. Chomeka chaja. Funga kila kitu. Iwashe LatencyMon, bonyeza kitufe cha kuanza, uiache angalau dakika 15. Ukiipa dakika mbili tu itakudanganya, kwa sababu draiva nyingine huamka mara chache. Mistari ikibaki kijani, umepona. Ikigeuka nyekundu, nenda kwenye kichupo cha Drivers, panga orodha kwa muda mrefu zaidi wa utekelezaji, usome faili la juu kabisa. Angalia kama vipimo vimeandikwa kwa milisekunde au kwa mikrosekunde. Mikrosekunde 1,000 ni milisekunde moja.

Kwa yule mwimbaji, faili la juu lilikuwa la mtandao. Tukazima Wi-Fi, tukaanzisha kipimo upya, na mistari ikabaki kijani muda wote. Tukarudi kwenye bafa ya 128 akaimba.

Si kila mara inakuwa rahisi hivyo. Fuata mpangilio huu, badilisha kitu kimoja kwa wakati, na pima upya kila mara. Ukibadilisha vitano kwa pamoja hutajua kilichoponya:

Zima Wi-Fi, kisha Bluetooth. Weka mpango wa umeme kwenye utendaji wa juu, kwa sababu prosesa inayopunguza kasi ili kuokoa betri huchelewa kuamka, na katika mipangilio hiyo hiyo zima ile ya kulaza matundu ya USB. Sasisha BIOS (programu ya msingi inayoiamsha kompyuta) na draiva ya kadi ya picha. Kama faili linalotajwa ni ACPI.sys, mara nyingi ni masuala ya betri na joto. Kwenye baadhi ya laptopu, kuzima kifaa cha "Microsoft ACPI-Compliant Control Method Battery" katika Device Manager kunatuliza, lakini utapoteza alama ya kiwango cha chaji, kwa hiyo fanya hivyo ukiwa kwenye umeme wa ukutani na ukumbuke kukiwasha tena. Laptopu nyingine haziponi kabisa kwa sababu tatizo limo ndani ya BIOS yenyewe. Hiyo usipigane nayo. Itumie kwa kumiksi, ambako bafa ya 1024 haimsumbui mtu, na tafuta nyingine ya kurekodia.

Kwa sababu hiyo, ukinunua laptopu iliyotumika, mwombe muuzaji kwa upole: "Samahani, naomba niijaribu kwa robo saa." Anayekataa robo saa, usimpe fedha zako.

Tundu la USB nalo lina neno. Intafesi ichomekwe moja kwa moja kwenye kompyuta, isipitie kigawanyio kisicho na umeme wake. USB 2.0 inatoa miliampia 500 tu, na kigawanyio kinazigawa kwa vyote vilivyochomekwa. Ukiwasha volti 48 kwa maiki mbili, intafesi inaweza kuzimika ghafla. Kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma.

Hatua ya 6: Mipangilio ya mwanzo

Biti 24, kHz 48. Bafa 128 wakati wa kurekodi, 1024 wakati wa kumiksi. Programu: mimi natumia Reaper, ni nyepesi, na muda wake wa majaribio ni siku 60 ikiwa kamili bila kubana chochote. Mwenye Mac anayependa Logic Pro abaki nayo.

Geini iweke hivi: mwambie mwimbaji aimbe sehemu yenye nguvu kuliko zote, si ile ya kunong'ona, na vilele vifike karibu na -10 dBFS, ambapo 0 ndiyo kikomo cha juu kabisa. Kwa biti 24 huna haja ya kusukuma hadi juu. Kama latensi bado inamkera, washa ile swichi ya Direct kwenye intafesi, ajisikie bila kupita kwenye kompyuta, na unyamazishe treki yake ndani ya programu ili asijisikie mara mbili.

Kisha, kabla muda wa kurudisha bidhaa haujaisha, rekodi dakika 30 mfululizo kwa bafa ile ile utakayotumia, huku wimbo wenye treki nyingi ukicheza. Sikiliza zote kwa hedifoni, hata kama unachoka, na weka alama kila panapopasuka. Ukikuta mpasuko hata mmoja, rudia hatua ya 5. Usipouondoa, jaribu intafesi hiyo kwenye kompyuta ya mtu mwingine: ikipasuka na huko, rudisha intafesi, ikitulia, rudisha kompyuta.