Kabla hujaenda kutazama Euro Hockey Tour: mambo ya kuzingatia

Euro Hockey Tour ni mfululizo wa mashindano ya hoki ya barafu yanayozikutanisha kila msimu timu za taifa za Ufini, Uswidi, Ucheki na Uswisi. Kila nchi huandaa shindano lake. Shindano moja lina mechi sita, kila timu hucheza tatu, na kwa kawaida kila kitu humalizika kati ya Alhamisi na Jumapili. Kwa mtu anayeishi Ulaya au anayepanga safari fupi, hakuna namna nafuu zaidi ya kuona hoki ya kiwango cha juu: siku nne tu, mataifa manne yanayoujua mchezo huu kwa undani, na viti ambavyo bei yake huwa chini sana ukilinganisha na Kombe la Dunia la kila mwezi Mei. Ila ni safari inayoharibika kirahisi mapema, pale mezani unapopanga, kabla hujafika uwanjani.

Anza na ratiba, na uisome upya kila mwaka. Mpangilio wa kawaida ni Ufini mwezi Novemba, kwenye shindano la Karjala lililopewa jina la bia. Uswisi mwezi Desemba. Uswidi mwezi Februari. Na Ucheki kwa kawaida karibu na Mei, timu zikijiandaa kwa Kombe la Dunia. Msimu wenye Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi huvuruga mpangilio huo. Mwaka 2022, kwa mfano, shindano la Uswidi lilisogezwa hadi Mei. Ukikuta orodha inayotaja Moscow mwezi Desemba, ujue ni ya zamani: Urusi ilikuwa miongoni mwa waasisi msimu wa 1996/97, ikaondolewa mwaka 2022 baada ya kuivamia Ukraine, na nafasi yake ikachukuliwa na Uswisi.

Majina nayo yanachanganya kwa sababu hufuata mdhamini. Shindano la Stockholm limewahi kuitwa LG Hockey Games, likawa Oddset Hockey Games, kisha Beijer Hockey Games. Kwa hiyo usitafute kwa jina la shindano. Ingia kwenye tovuti ya shirikisho la hoki la nchi mwenyeji, fungua ratiba ya timu ya taifa ya wanaume, na ufuate kiungo cha tiketi kilichopo hapo. Tovuti za kuuza upya tiketi hujitokeza juu kabisa unapotafuta mtandaoni, na mara nyingi huuza kwa bei maradufu kiti ambacho bado kipo kwa bei halali.

Sasa jambo linalowaangusha wengi. Kati ya zile mechi sita, mara nyingi moja huchezwa nje ya nchi mwenyeji, siku ya ufunguzi. Shindano linaweza kuwa la Ufini, na bado mechi ya Alhamisi kati ya Uswidi na Ucheki ikachezwa kwenye mji wa Uswidi au wa Ucheki. Tiketi itabeba nembo ileile na rangi zilezile. Kabla ya kulipa soma vitu vitatu: mji, jina la ukumbi, na kama tiketi ni ya mechi moja au ya mechi zote za siku hiyo. Siku za mechi mbili, utaratibu hutofautiana kati ya mwandaaji mmoja na mwingine.

Hata ndani ya nchi moja mji hubadilika. Ufini imewahi kulipeleka shindano la Karjala Turku na Tampere, mbali na Helsinki. Uswisi ilianza na Fribourg mwaka 2022 na imetumia pia Swiss Life Arena ya Zurich. Ucheki huzungusha kati ya miji kama Brno, Ostrava na České Budějovice. Usilipie hoteli ya mji mkuu kabla hujaona jina la ukumbi.

Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, viza ndiyo inayoamua tarehe ya kila kitu kingine. Nchi zote nne ziko Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, hivyo viza moja inatosha. Maombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, kwa nchi utakayoingilia. Hapo ndipo ile mechi ya ugenini inapokugusa: ukipanga siku mbili Uswidi na mbili Ufini, mpangilio wa safari ndio utakaoamua uende ubalozi gani. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15, lakini siku 15 ni kujitafutia presha. Jipe miezi miwili au zaidi, kwani nafasi za miadi hujaa. Ada ya mtu mzima ni yuro 90. Bima ya safari lazima ifidie angalau yuro 30,000 na ihusu eneo lote la Schengen. Kama utapitia London katikati ya safari, kati ya nchi moja ya Schengen na nyingine, omba viza ya kuingia mara nyingi, kwa sababu Uingereza iko nje ya Schengen na viza ya kuingia mara moja huisha kazi ukishatoka. Kibali cha kuishi Uingereza pia hakikupi ruhusa ya kuingia Schengen. Mwenye kibali cha kuishi Ujerumani, Uholanzi au nchi nyingine ya Schengen hahitaji viza, ila asafiri na pasipoti pamoja na kibali chenyewe, si picha yake kwenye simu.

Jua pia unakwenda kumwona nani. Ligi za nyumbani za nchi hizi husimama kwa siku chache ili kupisha michuano, lakini NHL ya Amerika Kaskazini haisimami. Vikosi vya Novemba na Desemba hivyo hujaa wachezaji wa ligi za Ulaya, wakiwemo vijana wanaojaribiwa na makocha. Ukitaka kuona nyota wa NHL wakiwa na jezi za taifa, chagua mechi za Mei, ambapo wale ambao timu zao zimeshatolewa huanza kurudi. Hilo lisikuvunje moyo. Mchezaji anayepigania nafasi ya Kombe la Dunia hucheza kwa njaa, na kasi yake utaiona hata kutoka safu ya juu kabisa.

Kiti kinastahili kufikiriwa kuliko watu wanavyofanya. Uwanja una urefu wa mita 60 na upana wa kati ya mita 26 na 30, umezungukwa na ukuta wenye kioo juu yake. (Waliozoea barafu ya hoteli ya Panari pale Nairobi, wanakofanyia mazoezi Ice Lions wa Kenya, watashangaa ukubwa wa uwanja kamili.) Safu mbili tatu za chini hukupa kishindo cha miili kwenye kioo, lakini kona ya mbali huioni vizuri, na wachezaji wakikusanyika ukutani upande wako, kisahani (kile kipande bapa cha raba kinachopigwa kwa magongo) hupotea kabisa. Kwa mara ya kwanza chukua safu ya kumi hadi ya ishirini, upande mrefu, karibu na mstari wa katikati au ule wa buluu. Kutoka hapo utaona wachezaji wanavyobadilishana bila mchezo kusimama: watano wanatoka, watano wanaruka ukuta kuingia, kila kundi likikaa barafuni kwa sekunde 40 hadi 60 hivi, kwa sababu hakuna mapafu yanayohimili mbio zile kwa muda mrefu zaidi.

Kama nafasi zilizobaki ni za nyuma ya goli, tazama kwanza benchi la wenyeji liko upande gani. Timu huanza mechi zikilinda goli lililo karibu na benchi lao na hubadilishana pande kila kipindi. Wenyeji hivyo hushambulia goli la mbali na benchi lao katika kipindi cha kwanza na cha tatu. Ukitaka kuwaona wakija upande wako mara mbili, kaa huko. Kipindi cha pili kila timu hulinda goli lililo mbali na benchi lake. Beki aliyechoka ana safari ndefu kwenda kubadilishwa, na mabao mengi huzaliwa humo.

Usalama usiupuuze, hasa ukiwa na watoto. Kisahani ni raba ngumu ya gramu 156 hadi 170, hugandishwa kabla ya mechi ili kisidunde, na shuti kali huvuka kilomita 150 kwa saa. Nyuma ya magoli kuna nyavu, lakini pembeni kinga ni kioo tu, na kisahani kinaweza kupaa juu yake. Mwaka 2002 msichana wa miaka 13 alifariki mjini Columbus, Marekani, baada ya kupigwa na kisahani akiwa jukwaani, na NHL ikaamuru nyavu kuanzia msimu uliofuata. Mchezo ukiendelea, simu iwe mfukoni na macho yawe barafuni. Mtoto mdogo mkalishe nyuma ya wavu au juu.

Mavazi: nje Novemba hadi Februari huwa karibu na sifuri au chini yake, ndani ni baridi ya wastani inayozidi kadiri unavyoshuka karibu na barafu. Vaa tabaka mbili au tatu zinazovulika, soksi nene, na viatu vyenye soli isiyoteleza kwa ajili ya njia zenye barafu mjini. Makosa ya kawaida ni koti moja zito: ukilivaa unatokwa jasho, ukilivua unatetemeka. Begi kubwa liache hotelini au kwenye makabati ya stesheni, kwani kumbi nyingi hukataa begi linalozidi ukubwa wa karatasi ya A4, pamoja na miavuli na chupa.

Pesa nazo ni za aina nne: yuro Ufini, krona Uswidi, koruna Ucheki, faranga Uswisi. Uswidi noti hukataliwa sehemu nyingi, hivyo kadi ni lazima, na kama ni ya benki ya nyumbani waambie waifungulie matumizi ya nje kabla hujapanda ndege. Plagi ya miguu mitatu bapa tunayoitumia Afrika Mashariki haiingii popote katika nchi hizi. Nunua adapta ya pini mbili nyembamba za duara. Hiyo huingia hadi Uswisi, ambako ile nene ya Kijerumani hukwama.

Saa: tiketi huandikwa kwa saa 24. Mechi ya 18:30 ni saa kumi na mbili na nusu jioni ya huko. Kwa ndugu watakaofuatilia nyumbani, majira ya baridi Ufini iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa moja, na nchi nyingine tatu kwa saa mbili. Mei, Ufini hulingana na kwetu, zile nyingine hubaki nyuma kwa saa moja.

Fika saa moja na nusu kabla. Foleni ya ukaguzi ni ndefu, na timu hupasha misuli kwa takriban dakika 20 zinazokwisha karibu nusu saa kabla ya filimbi. Hapo ndipo utawaona makipa kwa karibu. Mechi ni vipindi vitatu vya dakika 20, lakini saa husimama kila mchezo unaposimama, na kuna mapumziko mawili ya dakika 15 ambapo mashine hulainisha barafu. Hesabu muda wa saa mbili na nusu. Ushindi ndani ya dakika 60 ni pointi 3. Zikitoka sare, huchezwa dakika 5 za nyongeza, watatu kwa watatu, na ikibidi penalti. Mshindi hupata pointi 2 na aliyeshindwa 1.

Kwa hiyo usikate tiketi ya treni inayoondoka saa mbili na nusu tu baada ya mechi kuanza. Tampere ukumbi uko jirani kabisa na stesheni, na Fribourg kuna kituo cha Poya ubavuni mwa uwanja, lakini maelfu hutoka kwa pamoja. Na usinyanyuke mapema ili kukwepa foleni: timu iliyo nyuma kwa bao moja au mawili humtoa kipa wake dakika mbili tatu za mwisho na kumwingiza mshambuliaji wa sita. Goli likiwa tupu, mechi hugeuka au huisha papo hapo, nawe utakuwa kwenye ngazi ukisikia kelele tu.